Sahani Safi Haihitaji Msimulizi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia nyanya kabla hujanisoma, usijali, aibu yangu haichachi. Mimi ni sauti. Uso wangu hamuujui, na mkiuona hamtapoteza usingizi, ila sauti yangu mnayo majumbani mwenu. Ndiyo ile inayowaeleza kwenye filamu kwamba mvua inanyesha wakati nyote mnaiona mvua inanyesha.

Nimesimulia harusi, vita, na mapenzi ya twiga. Nimekufa katika filamu nyingi na bado nikaendelea kuongea, nikieleza kwa utulivu nilivyouawa na nani. Kifo hakijawahi kunifunga mdomo.

Mke wangu ni mhariri wa picha. Yeye ndiye anayekata filamu na kuiunga, na imani yake ni kwamba mtazamaji ana macho. Mnaona wenyewe jinsi ndoa yetu ilivyopangwa na mbingu.

Wiki iliyopita niliwaacha pale aliponipa onyo. Katika filamu aliyokuwa akiimalizia, kuna mwanamke anaandaa meza ya watu wawili. Anasubiri. Mume haji. Anakula peke yake, halafu anaosha sahani zote mbili, ile chafu na ile safi. Hakuna neno wala muziki, ni maji ya bomba tu. Mke wangu aliihangaikia sehemu hiyo kuliko filamu nzima, na mwongozaji alimwahidi kwamba haitaguswa.

"Nakujua wewe," aliniambia. "Siku nikisikia sauti yako juu ya sahani ile, tafuta pa kulala. Na usinisumbue kuulizia mto wako, nitakuletea mwenyewe."

Nikaapa kwa jina la mama yangu. Mama yangu, maskini, ameshaapiwa mengi.

Basi sikiliza sasa jinsi mtu mzima anavyojichimbia shimo, tena kwa jembe la kuazima.

Mwongozaji alinipigia simu asubuhi moja mke wangu akiwa ametoka. Huyu bwana sisi tunamwita Maono, maana hawezi kuagiza hata soda bila kukwambia maono yake.

"Kaka, kuna tatizo. Mama ameiona filamu."

Mama ndiye mwenye fedha za filamu. Anauza vifaa vya ujenzi, na akiwa mbali tunamwita Mama Misumari. Akiwa karibu tunamwita Mama, tena kwa kuinama kidogo.

"Hakuipenda?"

"Ameipenda yote. Ila alipofika kwenye sahani ameniuliza, 'Huyu mbona haongei, anaumwa jino?' Kaka, maono yangu ni kwamba kile kimya kinahitaji msaada."

"Kimya kinasaidiwaje?"

"Kwa kuongea. Dakika moja tu, na sauti yenyewe ni yako. Nani mwingine anaweza?"

Mjanja yule. Alijua pa kunikuna.

"Na mke wangu je?"

"Shemeji atajua siku ya uzinduzi. Siku ya uzinduzi watu hawagombani, wanapiga picha."

Mtu mwenye akili angekata simu. Mimi nikauliza saa ngapi.

Mke wangu aliporudi alinikuta nachana nywele. Nikamwambia naitwa kurekodi tangazo la sabuni.

"Sabuni gani?"

"Mpya."

"Ya vyombo?"

"Ya kila kitu," nikasema, nikizidi kuchana.

"Haya," akasema, akaendelea na shughuli zake. Ile "haya" yake ingetosha kunirudisha ndani, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Studio tunayorekodia ni chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro. Magodoro yaliyokosa wateja yamebandikwa ukutani kuzuia kelele, kwa hiyo ukiwa kazini unajisikia kama mgonjwa aliyefungiwa kwa usalama wake. Mbu nao wamehamia humo, kwa sababu ndipo mahali pekee mtaani ambapo mtu hukaa kimya bila kujikuna.

Mwenye studio ni Fundi Sauti, mtu mzima, mpole, mwenye upungufu mmoja mdogo kwa kazi yake: hapendi kusikiliza. Anasema kusikiliza kunamchosha masikio. Sauti anaikata kwa macho, akitazama mistari inayopanda na kushuka kwenye kompyuta.

Ndiyo maana ana sheria yake ya makofi. Kabla hujasoma, piga kofi moja. Kofi linaonekana kwenye kompyuta kama mwiba mrefu, naye anajua maneno ya kutumika yanaanzia hapo. Ukiharibu, piga makofi mawili, anajua ni ya kutupa. Ukirudia mara nyingi, anachukua jaribio la mwisho lenye kofi moja, analibandika kwenye filamu, anakwenda zake kula. Hapo juu ya mlango pana taa nyekundu ya kuonyesha kwamba mashine inarekodi. Iliungua zamani. Kila mtu anajua iliungua zamani, na mimi pia, kumbuka hilo.

"Maneno ya Maono haya hapa," Fundi akanipa karatasi. "Ameyaandika kwa uchungu."

Nikayasoma. Uchungu niliuona.

Nikavaa hedifoni, picha ikaanza kwenye skrini. Yule mwanamke akaiweka sahani ya pili mezani. Nikapiga kofi moja, nikaishusha sauti mpaka tumboni, pale zinapokaa huzuni za kulipwa.

"Alikuwa na huzuni. Sahani ilikuwa safi, lakini aliiosha. Kwa nini aliiosha? Aliiosha kwa sababu ya huzuni. Huzuni, kama maji ya bomba, ilitiririka. Bomba nalo lilikuwa na huzuni."

"Safi sana," Fundi akasema. Alikuwa anachagua karanga kwenye kiganja. "Ngoja nitoke nje kidogo nipige simu, kuna kitu nataka kuhakikisha. Halafu nilete chai. Usiguse kitu."

Akatoka. Picha ikaendelea kujirudia. Yule mwanamke anaandaa, anasubiri, anakula, anaosha. Anaandaa, anasubiri.

Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusoma, kwa hiyo nikatazama. Na nilipotazama, nikakumbuka siku mke wangu aliponionyesha sehemu ile nyumbani, kwenye kompyuta yake, ameegemea bega langu. Aliniuliza swali moja tu: "Unaonaje?"

Mbu akanitulia shavuni. Nikampiga. Pa!

Halafu, kwa kuwa nilikuwa peke yangu na yule mwanamke wa kwenye skrini, nikaanza kuongea naye. Si kwa sauti ya tumboni. Kwa hii ya kuombea chumvi.

"Mke wangu, ningekuwa na haya ningekwambia nyumbani. Uliniuliza naonaje, nikakwambia nzuri, ila inahitaji maneno kidogo. Nilidanganya. Haihitaji hata neno moja. Nilipomwona anaosha ile sahani safi, niliingia bafuni nikafungua bomba, ili usinisikie nikilia. Nikanawa uso, nikatoka, nikakwambia inahitaji maneno kidogo. Sasa niko hapa naongelea juu ya sahani yako, na wewe unajua niko kwenye sabuni. Na ukweli ni kwamba..."

Mlango ukasukumwa. Fundi na vikombe vya chai.

"Umeshamaliza?"

Nikaitazama ile taa. Haikuwaka. Nikajiridhisha kwamba mashine haikuwa ikirekodi. Naam, taa iliyoungua zamani ndiyo niliyoiamini.

"Nimemaliza," nikasema, tukanywa chai.

Kesho yake mchana tukaitwa kumwonyesha Mama Misumari filamu iliyosaidiwa. Maono aliniapia kwamba mhariri hajaalikwa. Mimi nilitakiwa niwepo ili Mama amwone mwenye sauti, maana watu wenye fedha hupenda kushika walichokilipia.

Ukumbi wetu wa sinema ulikuwa ghala la Mama. Skrini ilining'inizwa kati ya rundo la mabati na mifuko ya saruji. Viti vya plastiki vilipangwa mbele ya mabomba. Kila kitu kilikuwa na vumbi la saruji, na mimi nilikuwa nimevaa nyeusi ili nionekane msanii.

Nikaingia nikitabasamu. Tabasamu likanifia mdomoni.

Mke wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ameweka mfuko mkubwa chini ya kiti chake. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, akakipigapiga kwa kiganja kunikaribisha.

"Karibu, mume wangu. Sabuni iliishaje?"

"Iliisha... safi."

"Nimefurahi."

Nikakaa. "Nani amekualika?"

"Hakuna. Jana Fundi alinipigia simu, akaniuliza ile sehemu ya sahani inaanzia wapi na kuishia wapi, asije akakosea kuibandikia sauti. Nikamwelekeza vizuri. Mimi si mchoyo wa kazi."

Fundi alikuwa nyuma yetu. Akatupungia mkono kwa furaha. "Shemeji, asante kwa jana!"

Ndiyo simu ile aliyotoka kupiga. Kumbe wakati mimi nimo ndani naungama kwa skrini, mwenzangu yuko nje anamtaarifu mwenyewe.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Nimekuja kukusikiliza," akasema. "Na kila mtu hapa amekuja kukusikiliza. Tulia."

Nikamkimbilia Maono, aliyekuwa akifunga waya wa projekta.

"Toa ile sauti. Sasa hivi. Mke wangu yupo!"

"Kaka, maono yangu..."

"Maono yako nitayaweka kwenye saruji! Umeisikiliza?"

"Sijaisikiliza. Fundi ameniletea asubuhi. Nakuamini."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nikarudi kitini kwa njia ya ukutani, nikauona waya wa spika, nikaukanyaga kwa kisigino na kuuvuta. Feni ikazimika.

"Nani amezima feni?" Mama Misumari akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mto, miwani puani. "Wasanii nyie, mtaniulia watu kwa joto. Anzeni."

Filamu ikaanza. Ilikuwa nzuri, nitasema ukweli. Ilikuwa nzuri kwa namna inayomtia uchungu mtu wa kazi yangu. Kila palipohitaji kueleweka palieleweka, na mimi sikuwepo. Mke wangu alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Nilijua anasubiri nini, na nilijua kwenye ule mfuko kuna nini, kwa sababu ulikuwa mwepesi, umevimba, na kona ya foronya ya maua ilikuwa inachungulia. Foronya yangu.

Meza ikaandaliwa. Sahani ya kwanza. Sahani ya pili. Nikafumba macho, nikingoja bomba lenye huzuni.

"Mke wangu," spika zikasema, "ningekuwa na haya ningekwambia nyumbani."

Nikafumbua macho. Nikamkumbuka mbu.

Kofi moja. La mwisho. Fundi aliuona mwiba wake kwenye kompyuta, akakata, akabandika, akaenda kula.

Sauti ikaendelea, haikuwa na mpango wa kunihurumia. Ikasimulia swali la mke wangu, ikasimulia uongo wangu, ikanipeleka bafuni na kunifungulia bomba mbele ya watu. Kwenye skrini mwanamke naye alikuwa bombani. Hata ningepanga kwa miezi, maji yale yasingekutana vile.

"Sasa niko hapa naongelea juu ya sahani yako, na wewe unajua niko kwenye sabuni. Na ukweli ni kwamba..."

Kimya. Sahani safi ikawekwa kabatini.

"Simamisha!" Mama Misumari akapaza sauti. Maono akasimamisha. Mama akavua miwani, akajifuta macho kwa upindo wa nguo. "Sasa nimeelewa! Kumbe mume ndiye anayesema, yuko mbali anajuta. Mbona hamkuniambia tangu mwanzo? Hii sabuni ndiyo sijaielewa, lakini imeniliza."

"Maono yangu," Maono akadakia haraka, "yalikuwa hayo hasa."

"Haya, ukweli ni nini?"

"Samahani, Mama?"

"Amesema ukweli ni kwamba, halafu amenyamaza. Kwamba nini? Mimi sitoi fedha kwa sentensi nusu."

Maono akamtazama Fundi. Fundi akamtazama mke wangu. Mke wangu akanigeukia, taratibu.

Nimeishi naye miaka mingi, na kila alipokasirika nilimsimulia. Alikuwa akiingia jikoni, mimi sebuleni naanza: "Akaingia jikoni, asijue kwamba chumvi imekwisha." Naye hunijibu: "Usinisimulie. Nenda kanunue chumvi." Nilidhani ni utani wetu. Sasa alikuwa ananitazama bila utani wowote usoni.

"Malizia," akasema.

"Hapa?"

"Hapa. Bila maiki."

"Twende nyumbani, nitakwambia yote."

"Nyumbani uliniambia inahitaji maneno kidogo. Malizia."

Nikasimama. Nikajaribu kuishusha sauti mpaka tumboni, ikagoma. Ikatoka nyembamba, imekwaruza, sauti ambayo hakuna sabuni ingeinunua.

"Ukweli ni kwamba ilikuwa nzuri bila mimi. Ndiyo iliyoniuma. Ningeweza kuvumilia ingekuwa mbaya, ningekuja nikaiokoa, ukanishukuru. Lakini ulitengeneza kitu ambacho hakina nafasi yangu hata ya neno moja. Nikataka niingie humo kwa nguvu. Sikwenda kwa ajili ya fedha wala kwa ajili ya Maono. Nilikwenda kuiharibu kidogo, ili inihitaji."

Nilipomaliza niliona haya kiasi kwamba nilitamani mifuko ile ya saruji iniangukie.

"Hiyo sasa ndefu," Mama Misumari akasema. "Lakini itie. Itie yote."

"Haiingii, Mama," mke wangu akasema. "Sahani imeshawekwa kabatini."

"Basi irefushe! Si wewe ndiye mhariri?"

Mke wangu akainama, akavuta ule mfuko kutoka chini ya kiti, akautoa mto wangu mbele ya wote, na foronya yake ya maua. Akaukung'uta vumbi la saruji, akautia kwapani. Akatembea katikati ya mabomba mpaka kwenye mlango wa chuma, akausukuma kwa bega. Mwanga wa mchana ukaingia mpaka kwenye skrini, ukaifuta picha yote.

Akasimama pale. Mkono mmoja umeshika mlango, mwingine mto. Ananitazama.

"Anamfukuza au anamwita?" Mama Misumari akamnong'oneza Fundi, kwa mnong'ono uliosikika barabarani.

"Mimi mambo ya kusikiliza siyajui, Mama," Fundi akasema. "Muulize msimulizi."

Wote wakanigeukia. Hata Maono hakuwa na maono.

Maisha yangu yote nimelipwa kueleza mwanamke aliyenyamaza anawaza nini. Nimewaeleza wajane, mabibi harusi, hata twiga jike. Sijawahi kukosea, kwa sababu hakuna aliyewahi kunijibu. Huyu mmoja, ambaye nalala naye kitanda kimoja na nampenda mpaka naumia, sikujua anawaza nini. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa mazoea, "Akasimama mlangoni, asijue...", nikaufunga.

Nikaenda. Nilipita kwenye mabomba, nikajigonga goti, sikuguna. Nilipomfikia nilinyoosha mikono kuupokea mto wangu, kama mtu anayepokea hukumu yake kiungwana.

Nikaushika upande mmoja. Upande wa pili hakuuachia, wala hakusogea mlangoni kunipisha nitoke.